Mizani ya Haki Kwenye Simu: Akili Bandia na Matangazo ya Biashara Zetu



Somo la mwezi huu limetokana na swali lililoulizwa katika darasa la vijana la Jumamosi. Kijana mmoja wa kwaya alisimama akasema: “Mwalimu, kama tangazo limetengenezwa na mashine, na ndani yake mna uongo, dhambi ni ya nani?” Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo lilinigusa mahali ambapo kidonda bado kibichi. Nilimwambia nitalijibu kwa maandishi, ili wazazi na wamama wa ushirika nao wasome. Lakini kabla sijafundisha mtu, nianze na kosa langu mwenyewe.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba mwaka 2025, msaada wa chakula ulipopunguzwa hapa Uganda, wamama kumi wa kanisa letu waliungana wakaanza kushona mikoba ya kitenge. Walikuwa na cherehani mbili. Mimi nina simu nzuri kidogo kuliko ya kwao, kwa hiyo waliniomba niwatengenezee tangazo la kuweka kwenye WhatsApp. Nikapiga picha ya mkoba mmoja juu ya meza. Picha haikupendeza, mwanga ulikuwa hafifu na meza ina doa la mafuta. Nikaiingiza kwenye programu ya akili bandia, nikaiambia: itengeneze iwe picha ya dukani, ya kuvutia.

Ikatoka picha ambayo hata mimi ningenunua. Kitenge kilekile, lakini mkoba sasa ulikuwa na zipu ya rangi ya dhahabu, mshikio wa ngozi, na kitambaa laini ndani. Niliona tofauti. Sitasema sikuiona. Nilijiambia kwamba matangazo yote ndivyo yalivyo, na kwamba mteja anajua picha ni picha tu. Nikaituma.

Baada ya siku nne mama mmoja mwenye duka Mbarara akaagiza mikoba 40. Akatuma shilingi 200,000 za kuanzia. Wamama walipiga vigelegele, wakanunua vitenge na nyuzi, wakashona hata usiku kwa taa ya sola. Siku ya kupeleka mzigo, tuliufungua mbele yake. Alichukua mkoba wa kwanza, akaugeuza, akatazama ndani, akatoa simu yake akaiweka pembeni ya mkoba. Hakupandisha sauti. Alisema tu, “Huu siyo ule.”

Tulirudi na mikoba 34. Sita aliichukua kwa huruma. Pesa yake ilikuwa imekwisha kuwa vitambaa, na ilituchukua miezi mitatu kumrudishia iliyobaki. Mmoja wa wale wamama alikuwa ametegemea mauzo hayo kwa ada ya shule ya mtoto wake, na muhula ule mtoto alikaa nyumbani. Huyo mama hajawahi kunilaumu kwa mdomo. Anakaa mstari wa tatu kanisani, na ninapohubiri huwa ninajua yuko pale.

Kwa hiyo jibu la swali la yule kijana ninalo, na limenigharimu. Mashine haikwenda Mbarara. Mimi ndiye niliyekwenda.

MASHINE HII INAFANYA NINI HASA

Baadhi yenu mnasikia jina “akili bandia”, au “akili mnemba” kama wanavyosema Tanzania, mnafikiri ni kitu cha mbali. Kipo mikononi mwenu tayari. Programu ya ChatGPT ilifunguliwa kwa watu wote Novemba 2022. Aprili 2024 kampuni ya Meta, yenye WhatsApp, ilitangaza msaidizi wake wa Meta AI katika nchi kadhaa zaidi, na Uganda ilikuwa miongoni mwao. Kile kiduara cha rangi mnachokiona ndani ya WhatsApp ndicho hicho. Ukikiandikia, kinakujibu.

Kinajibuje? Nitumie mfano wa kwaya yetu. Tuna watoto waliozaliwa katika familia za Warundi, hawajui Kilingala hata cha kuombea maji, lakini wanaimba nyimbo za Kilingala bila kukosea silabi. Wamezisikia mara nyingi mno hata wanajua neno gani hufuata neno gani. Mgeni akiingia anadhani wanaelewa kila kitu. Akili bandia ya kuandika imefundishwa kwa maandishi mengi sana ya watu, na kazi yake ni kukisia neno linalofaa kufuata. Inaimba vizuri. Lakini haijauona mkoba wako, haijaonja unga wako, wala haijui kama sabuni yako inatoa povu.

Hapa pana hatari moja ambayo watu hawaioni. Kwa kuwa imesoma matangazo mengi ya dunia, inajua matangazo yanavyosema, na itasema hivyohivyo kwa ajili yako hata kama hukuomba. Nilipoijaribu darasani, niliiandikia: tengeneza tangazo fupi la sabuni ya mawese inayotengenezwa na mama mmoja katika makazi ya wakimbizi. Haya ndiyo yote niliyoiambia. Tangazo lililorudi lilisema sabuni hiyo huondoa madoa usoni, hutibu upele, na “imependwa na wateja wengi”. Nani aliyesema hutibu upele? Hakuna. Wateja wengi ni wapi? Mama mwenyewe alikuwa ameuza vipande saba. Kama angetuma tangazo lile, na mtu mwenye mtoto mwenye ugonjwa wa ngozi akaacha kwenda kituo cha afya akanunua sabuni, tungesema nini?

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtu anayetumia chombo hiki ni kusoma kila neno kinachotoa na kuuliza: hili nimeliona mimi, au limeongezwa? Lililoongezwa lifutwe, hata kama linapendeza. Hasa lifutwe kama linapendeza.

PICHA ILIYOPAMBWA NA PICHA INAYODANGANYA

Kijana mwingine alisema, “Lakini mwalimu, hata mpiga picha wa harusi anapamba. Hata sisi tunachana nywele kabla ya picha.” Ni kweli, wala sitaki mtu afunge mzigo mwingine mgongoni mwenu. Kung’arisha mwanga siyo uongo. Kuondoa lile doa la mafuta mezani siyo uongo, maana siuzi meza. Kumwomba msaidizi wa mashine akusahihishie Kiingereza chako ili mteja wa mjini aelewe bei, hiyo ni neema kabisa kwa watu kama sisi tuliofika hapa na Kifaransa, Kiswahili na Kinyarwanda tu.

Mpaka uko pale ambapo kinachobadilishwa ni kile ambacho mteja analipia. Zipu analipia. Ngozi analipia. Ukubwa analipia. Basi tumekubaliana darasani kupima hivi: mteja akikishika kitu chenyewe mkononi na picha ikiwa pembeni, kama alivyofanya yule mama wa Mbarara, atasema “ndicho” au atasema “sicho”?

Sheria hii siyo ngeni. Kitabu cha Mambo ya Walawi 19:35-36 kinawaagiza watu wawe na mizani na vipimo vya haki, na Mithali 11:1 inasema jinsi Mungu anavyochukizwa na mizani ya hila. Zamani mdanganyifu alipunguza jiwe la kupimia. Mteja hakuweza kuliona kosa kwa sababu alilitazama jiwe akaliamini. Leo mteja anaitazama picha. Picha ndiyo jiwe.

Wala tusidhani ni shida ya maskini peke yao. Tarehe 24 Februari 2024, katika mji wa Glasgow huko Scotland, familia nyingi zilipeleka watoto kwenye sherehe iliyotangazwa kwa picha za ajabu: misitu ya peremende, mito ya chokoleti, taa za kila rangi. Tiketi zilifika pauni 35. Picha zilikuwa zimetengenezwa na akili bandia, na mtu makini angeshuku, maana hata baadhi ya maneno yaliyoandikwa ndani yake hayakuwa maneno ya Kiingereza wala ya lugha yoyote. Familia zilipofika zilikuta bohari karibu tupu, na watoto wakapewa peremende chache na kinywaji kidogo. Watoto walilia, wazazi wakadai pesa, polisi wakaitwa, na sherehe ikafungwa siku hiyohiyo. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, watu wakacheka. Mimi nilipoisoma sikuweza kucheka sana. Niliona mikoba 34.

“NI MASHINE ILIYOSEMA”

Wengine wameanza kuweka programu inayowajibu wateja yenyewe usiku, mwenye duka akiwa amelala. Ni msaada mkubwa. Lakini ikisema jambo lisilo la kweli, nani atabeba?

Jambo hili limekwisha kufika mbele ya baraza la haki. Mwaka 2022 mtu mmoja nchini Kanada alifiwa na bibi yake. Aliuliza programu ya kujibu kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli ya punguzo kwa wafiwa. Programu ikamwambia anaweza kununua tiketi kwanza, kisha aombe punguzo ndani ya siku 90. Alifanya hivyo. Shirika likakataa, likisema utaratibu wake hauruhusu kuomba baada ya safari. Kesi ilipofika mbele ya baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, shirika lilijaribu kujitetea kwamba programu ile ni kama chombo kinachojitegemea na kinawajibika chenyewe kwa maneno yake. Februari 2024 baraza lilikataa utetezi huo, likaamuru mfiwa yule alipwe jumla ya dola za Kanada 812 na senti kidogo.

Fedha hizo siyo nyingi kwa shirika la ndege. Lakini angalieni utetezi wenyewe. Ni ule wa bustani ya Edeni, Adamu akimwonyesha kidole Hawa na Hawa akimwonyesha nyoka. Leo kidole kinaonyesha simu.

USHUHUDA

Neno hili kwetu lina uzito. Mtu akisimama kanisani kutoa ushuhuda, anasema alichokiona na alichotendewa. Akitunga, hata kwa nia ya kuwatia watu moyo, tunaita uongo. Sasa katika biashara ya mtandao kuna kitu kinaitwa maoni ya wateja, na wafanyabiashara wengine hukiita hivyohivyo, ushuhuda. Ni rahisi sana siku hizi kuiambia mashine: niandikie maneno kumi ya wateja waliofurahi, kila mmoja kwa namna yake. Sekunde chache tu, na watu kumi ambao hawajazaliwa wanashuhudia kwa ajili yako. Amri ya kutoshuhudia uongo iko katika Kutoka 20:16, na sioni pale palipoandikwa kwamba haiwahusu mashahidi wa kubuni.

Serikali nazo zimeliona. Nchini Marekani, tume inayosimamia haki za walaji ilitoa kanuni Agosti 2024, iliyoanza kutumika tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo, inayokataza kuuza au kununua maoni ya uongo ya wateja, yakiwemo yaliyoandikwa na akili bandia.

Sasa nifike kwenye jambo gumu. Vijana wetu kadhaa wamejifunza kazi za kompyuta, na wanapata vibarua kwa mtandao kutoka nchi za mbali. Ninawasifu. Ni kazi isiyohitaji kibali cha kutoka nje ya makazi, wala nauli ya boda. Lakini mmoja wao alikuja nyumbani usiku na kunionyesha kibarua alichopewa: aandike, kwa msaada wa akili bandia, maoni mia moja ya kusifu hoteli moja iliyoko nchi ambayo hajawahi kukanyaga. Malipo yalitosha kununua unga wa wiki mbili kwa watu sita. Baba yake ni mgonjwa. Akaniuliza, “Papa mchungaji, nifanye nini?”

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimjibu mara moja. Sikuweza. Ni rahisi kumwambia mtu mwenye njaa akatae wakati wewe umeshiba, na siku ile nilikuwa nimekula. Tulikaa, tukafikiri juu ya watu watakaolala katika hoteli ile kwa kuamini maneno yake: pengine mama mwenye mtoto mchanga aliyeandikiwa kwamba maji ya moto yapo. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyesema hawezi. Wazee wa kanisa walikubali tumsaidie unga kutoka mfuko wa diakonia. Ninaliandika hili kwa ruhusa yake, na ninaliandika ili kanisa lijue: tukiwaambia vijana wakatae kazi za uongo, tuwe na kitu katika ghala.

TANGAZO LINALOTUHUSU SISI

Kuna biashara nyingine ambamo sisi wenyewe ndio bidhaa, nayo ni matangazo ya kuomba michango. Hapa, ndugu zangu, tuna haki ya kusema.

Mwaka 2023 jarida la kitabibu la Lancet Global Health lilichapisha habari za watafiti walioitumia programu ya picha ya Midjourney. Waliiomba itoe picha za madaktari Waafrika weusi wakiwatibu watoto wazungu wanaoteseka. Walipata picha zaidi ya 300, na karibu katika zote mgonjwa alitoka mweusi. Mashine haikuweza kuwaza vinginevyo, kwa sababu picha ilizofundishwa nazo zilikuwa zimekwisha kuamua nani anasaidia na nani anasaidiwa. Ukiiomba picha ya mkimbizi, usishangae ukiletewa mtoto mwenye machozi na nguo iliyochanika. Haitaleta mwalimu wa hesabu, ingawa tunao wanne hapa.

Mwaka huohuo wa 2023 shirika la Amnesty International lilitumia picha za akili bandia kukumbusha ukatili wa polisi katika maandamano ya Kolombia ya 2021. Nia yao ilikuwa njema, walitaka kuficha sura za waandamanaji wasije kudhuriwa, na waliandika kwamba picha zimetengenezwa. Hata hivyo, watu walizitazama wakaona rangi za bendera zimekosewa mpangilio, wakauliza: kama picha siyo ya kweli, tutajuaje ukatili ni wa kweli? Shirika likaziondoa. Kwa mtu aliyetoka Ituri au Kivu na kuyaona aliyoyaona, swali hilo linauma. Uongo mdogo wa kusaidia unampa mkanushaji mlango.

Na Julai 2025 zilitoka habari za jaribio la kituo kimoja cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Walikuwa wametengeneza mkimbizi wa akili bandia, wakamwita Amina: mwanamke wa kubuni aliyekimbia Sudan na anayeishi kambini nchini Chad. Ungeweza kumwuliza maswali naye akakujibu. Lilikuwa jaribio tu, na walioandika ripoti walifikiri huenda siku moja watu wa namna hiyo wakatumika kueleza shida kwa wafadhili kwa haraka. Baadhi ya walioletewa jaribio hilo hawakulipenda. Walisema wakimbizi wana uwezo wa kujisemea wenyewe. Nami ninasema amina kwa hilo, siyo Amina.

Lakini tusiwanyoshee wengine kidole tu. Vikundi vyetu navyo vinaandika maombi ya msaada. Nimeona kimoja, cha hapahapa makazini, chenye picha ya watoto yatima ishirini mbele ya jengo lisilokuwepo. Mtoto mmoja katika picha ana vidole sita. Siku mfadhili atakapofika na kuuliza jengo liko wapi, hatafunga mlango kwa kikundi kile peke yake.

Na picha za kweli nazo zina adabu yake. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu tangu mwaka 2019. Lakini hata kama isingekuwepo, usiweke sura ya mtoto wa jirani kwenye tangazo bila kumwuliza mama yake, na akikataa, usimchukie. Wako kati yetu watu wanaofichwa na Mungu kwa kutojulikana waliko. Kamwe usipige picha ya kadi ya familia au karatasi ya ukimbizi, yako au ya mteja, ukaiingiza kwenye programu ili “ikusaidie kujaza”. Hujui inakwenda wapi, na huwezi kuirudisha.

KAMA TANGAZO LINAKUJA KWAKO

Mzee Isaka alikuwa haoni. Katika Mwanzo 27 Yakobo alimjia amevaa ngozi za mbuzi, na mzee akashuku, kwa kuwa sauti ilikuwa ya mwana mmoja na mikono ya mwingine. Aliamini mikono, akadanganyika. Leo hata sauti inaigwa. Oktoba 2023 mwigizaji wa filamu Tom Hanks aliwaonya watu kwamba kuna tangazo la bima ya meno lenye sura yake, na yeye hakuhusika nalo hata kidogo. Kama wanaweza kumvaa mtu anayejulikana dunia nzima, watashindwaje kumvaa afisa wa shirika mnayemwona mara moja kwa mwaka?

Ninasema hivi kwa sababu ya safari. Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, familia nyingi zilizokuwa zimekwisha kupimwa afya zilibaki zimekaa juu ya mizigo. Mahali palipo na huzuni ya namna hiyo, wezi hunusa. Ukiona video ya mtu mwenye suti, anasema Kiswahili kizuri, ana nembo nyuma yake, anatangaza nafasi za kwenda Ulaya au Kanada kwa kulipa ada ya fomu kwa simu, usitume hata shilingi. Huduma za UNHCR, pamoja na kupelekwa nchi ya tatu, hazilipiwi. Nenda ofisini kwa miguu yako, uliza mtu mwenye mwili. Na kama tayari umelipa, usijifiche kwa aibu. Njoo useme, ili wengine wapone.

WAMAMA WA MIKOBA SASA

Wameendelea. Sasa wanapiga picha asubuhi, mbele ya mlango wa kanisa, mkoba umeshikwa na binti ili ukubwa uonekane. Akili bandia tunaitumia kuandika Kiingereza cha bei na vipimo, kisha mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza kama kuna neno lililoongezwa. Mara mbili wamelinasa neno “ngozi”. Chini ya tangazo wanaandika: picha hii ni ya mkoba wenyewe.

Mauzo ni ya polepole kuliko ile wiki ya kwanza, nisiwadanganye. Wanauza mitatu, minne kwa wiki. Yule mama wa Mbarara hajaagiza tena. Juzi mmoja wa wamama aliona kwamba bado huwa anafungua matangazo yetu ya WhatsApp na kuyatazama.

KWA MAZUNGUMZO NYUMBANI

Wazazi, ulizeni watoto wenu jioni, nanyi mkubali kuulizwa. Ni tangazo gani lililowahi kutudanganya sisi, na tulijisikiaje tulipofika? Kama tunauza kitu, ni neno gani katika tangazo letu ambalo hatukuliona kwa macho yetu? Je, kuna picha ya mtu katika simu hii ambaye hatukumwomba ruhusa? Na kijana wetu akiletewa kazi yenye malipo mazuri lakini ya uongo, sisi kama familia tutambebea nini ili aweze kukataa?

Vijana wa darasa: Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, kila mmoja aje na tangazo moja alilolitengeneza kwa mashine, la biashara ya nyumbani kwao. Na alete kitu chenyewe mkononi.